Zilipendwa na nani? Nilichoongea Mwanga kuhusu muziki wa kwenye picha

Jumamosi iliyopita vijana wanaotengeneza filamu hapa Kigoma waliniita Mwanga, hapa hapa mjini, mi nikajua wanataka niwaangalizie spika zao maana kazi yangu ni fundi redio, nikabeba na bisibisi kabisa, kumbe wanataka niongee. Binti yangu alinirekodi kwa simu, kwaiyo haya ni yale yale niliyosema, nimepunguza tu pale nilipopotea njia na pale nilipokuwa nakunywa maji.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambao hamjaitikia kokote na nyie karibuni.

Nimeambiwa niongelee muziki wa filamu na kumbukumbu za zamani. Sa kabla hatujaenda mbali tuelewane, siongelei nyimbo. Kwa nyimbo Kigoma hatufundishwi na mtu, Ali Kiba wa kwetu, Mwasiti wa kwetu, Diamond naye ukimbana sana atakwambia kwao ni huku huku. Mi naongelea ule muziki usio na maneno unaopita chini chini wakati steringi anatembea, ule ambao watu wakitoka kwenye picha ukiwauliza muziki ulikuwaje wanakuuliza na wao, muziki gani? Sisi hata jina lake tulikuwa hatuna. Kaka yangu alikuwa anauita mngurumo. "Tulieni, mngurumo unakuja," na watu wanatulia kweli.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video Ujiji, mwanzoni mwa miaka ya 90 huko. Nyie mnamjua Lufufu wa Dar, kanda zake zilikuja kuuzwa nchi nzima, wetu alikuwa anaishia Ujiji tu na sifa zake zilikuwa haziruki hata kufika Kibirizi. Kibanda chenyewe ni kile cha asili, kuta za mabanzi, juu bati, chini mikeka, mbele TV ya inchi 14 na deki, nyuma ya ukuta jenereta, kiingilio shilingi 20 na kama huna unachungulia kwenye tundu la banzi mpaka mwenye kibanda akumwagie maji. Kanda nyingi zilikuwa zinakuja na maboti kutoka Bujumbura na Uvira ya Kongo, na kwa sababu zinatokea huko zote zinaongea Kifaransa. Schwarzenegger anaongea Kifaransa, Bruce Lee anaongea Kifaransa, makauboi wote Kifaransa, mpaka leo nikimsikia Schwarzenegger anaongea Kiingereza naona kama anajifanya. Na kaka yangu Kifaransa alichokuwa anajua ni bonjour na merci, basi.

Sa alikuwa anatafsirije? Alikuwa anasikiliza mngurumo. Vile vinanda vikianza kupanda taratibu anashika maiki anasema "huyu mwenye koti msimwamini", na kweli mbele kidogo mwenye koti anamuuza mwenzake. Steringi anapigwa, anapigwa, damu puani, watoto tumeshika vichwa, kaka anasema "msilie, sikilizeni ngoma hiyo, anaamka huyo", na anaamka! Sisi tukawa tunaona kaka ni msomi wa ajabu. Baadaye sana nikiwa fundi ndo nikaja kuelewa ilikuwa inawezekanaje. Picha inapotengenezwa maneno ya waigizaji yanawekwa njia yake, muziki na vishindo njia nyingine, ili wakienda kuiuza nchi za watu wayatoe maneno waweke ya lugha yao na muziki ubaki kama ulivyo. Kwaiyo kanda ikifika Ujiji maneno yameshapita kwa Wafaransa, af yanapita tena kwa kaka yangu ambaye anayatunga, ila mngurumo ni ule ule uliotoka huko Marekani haujaguswa na mtu. Ndo kitu pekee mle ndani tulichokuwa tunakielewa wote bila kudanganywa.

Basi mi nikawa nataka niende nao nyumbani ule mngurumo. Tulikuwa na redio kaseti, ya baba, na baba alikuwa na kanda moja ya TDK ya dakika 90 yenye mawaidha, anaipenda kuliko sisi. Wakubwa mnakumbuka kanda ikishavunjwa vile vimeno vya juu huwezi kurekodia tena, ila ukiziba matundu kwa karatasi na gundi inakubali. Nikaziba. Siku hiyo wanaweka Commando, nikaingia na redio nimeifunika kanga, nikaiweka mbele ya spika ya TV, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na moyo unadunda.

Ile kanda ninayo. Iko kwenye huu mfuko hapa, tutafika.

Baba aliigundua wiki mbili baadaye. Kakaa na wazee wenzake barazani, kaweka mawaidha, shehe yuko katikati anaelezea adhabu ya kaburi, ghafla madramu ya Commando yanaingia na kaka yangu anapiga kelele "KAMA HUJALIPA TOKA NJE!" Wazee walicheka, baba hakucheka. Mi nililala kwa bibi siku nne.

Ngoja niwaambie kidogo kuhusu huyo Commando maana kuna jambo. Picha ni ya mwaka 1985, na ukisikiliza muziki wake kuna chuma kinalia, kama mtu anapiga sufuria lakini sufuria inaimba. Yale ni madramu ya chuma ya Trinidad, na asili yake ni mapipa ya mafuta, watu wa kule walichukua mapipa wakayagonga mpaka yakatoa sauti tofauti tofauti. Sisi Ujiji bila kujua lolote, tukitoka kwenye picha tulikuwa tunaenda kupiga mapipa matupu ya mawese pale sokoni tuige Commando! Nani alituambia yale ni mapipa? Hamna mtu. Sikio tu. Aliyetunga anaitwa James Horner, Mmarekani, naomba mlishike hilo jina.

Tulikuwa na mchezo mwingine Kibirizi, wa kuogelea. Kuna picha ya papa, Jaws, ya 1975, muziki wa John Williams, sauti mbili tu zinapokezana, ndum-ndum, ndum-ndum, zinaanza polepole zinaongeza mwendo. Inasemekana Williams alipompigia Spielberg zile sauti mbili kwenye piano Spielberg alicheka, akajua anataniwa. Ila papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kila siku, kwaiyo sehemu kubwa ya ile picha papa humwoni, unasikia ndum-ndum na unaona maji, na unaogopa maji. Sisi ziwa letu halina papa, mnajua, lina mamba. Lakini mtoto akiwa katikati ya maji wenzake wakaanza ndum-ndum kutoka ufukweni anatoka mbio kuliko angeambiwa kuna mamba. Mamba tulikuwa tumemzoea.

Mama yangu yeye kibandani hakuwahi kukanyaga, alikuwa anasema kule ni kwa wahuni akiwemo mwanae. Ila alikuwa na picha yake moja tu maishani, aliiona Tabora alipokuwa anakaa kwa shangazi yake ambaye mumewe alikuwa mtu wa reli. Sholay. Wakubwa mmeshaanza kutabasamu. Sholay ni ya 1975, muziki wa R.D. Burman, na kuna pale Amitabh Bachchan amekaa nje jioni anapuliza kinanda cha mdomo, na yule mjane Jaya Bhaduri anazima taa moja moja pale kwenye baraza, hawaongei, wanaangaliana kwa mbali basi. Mama hakujua neno la Kihindi. Lakini nyumbani kwetu kila usiku akipita kuzima chemli, ya barazani, ya jikoni, ya chumbani kwetu, alikuwa anaimba kile kinanda puani, hmm hmm hmm, mpaka taa ya mwisho. Mi nilikua nikidhani ni wimbo wa kulalia wa Kiha! Nimekuja kuiona Sholay nina miaka 30 na kitu, nimekaa zangu, kinanda kikaanza, nikashtuka nikageuka nyuma kumwangalia mama, na mama alikuwa ameshatangulia mbele za haki miaka mitatu.

Samahani. Nitakunywa maji.

Sa nije kwenye Titanic. Nilisema mshike jina la Horner, ndo huyo huyo wa Commando, miaka 12 baadaye. Nyie Titanic mnaijua kwa video za harusi, nakumbuka kuanzia pale hakuna bibi harusi Kigoma aliyeingia ukumbini bila zile filimbi, na mpaka leo kuna watu wanazipiga. Ila sisi tulioiona 1998 kwenye kibanda tuliiona tofauti. Ilikuja kwa kanda mbili maana moja haikutosha. Kanda ya kwanza raha tupu, kaka anatafsiri mapenzi anavyojua yeye, watu wanapiga miluzi. Kanda ya pili meli ikaanza kulala ubavu.

Mei 1996, tarehe 21, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Ilikuwa haijatimia hata miaka miwili na nusu. Na sisi ni watu wa meli, hapa kila ukoo una mtu aliyepanda Liemba kwenda Mpulungu au Kasanga na kila mtu anajua sauti ya meli inapojaa kupita kiasi, kwaiyo ile ajali ilikuwa Ziwa Victoria lakini iliingia mpaka Ujiji, redio zilikuwa zinatangaza na mitaa imenyamaza. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja ambaye mdogo wake alikuwemo. Alikuja kwa sababu watoto wake walimwambia ni picha ya mapenzi.

Kuna sauti ya mwanamke kwenye ule muziki, haisemi neno lolote, inapanda tu. Ni Mnorway anaitwa Sissel, nimekuja kujua juzi juzi. Ile sauti ilivyoingia, watu wako majini, kaka aliweka maiki chini. Hakusema kitu. Mtafsiri ambaye alikuwa hajawahi kunyamaza dakika moja tangu azaliwe alinyamaza, ikabaki ile sauti na jenereta. Yule mama akasimama akatoka polepole akiwa ameshika khanga mdomoni, na hakuna aliyemwambia kaa chini unatuziba. Mwenye kibanda alitaka iwekwe tena saa mbili usiku maana watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, kaka akamwambia nitatafsiri kanda ya kwanza, ya pili utatafsiri mwenyewe. Wakagombana, kaka akakosa kazi wiki nzima.

Mi mpaka leo sijaweza kumcheka mtu anayelia kwa ajili ya Titanic, ila pia sijui kama analia kwa kile kile. Siku hizi naona watu wanabishana mitandaoni muziki wa Titanic ni mzuri au ni sukari nyingi, sawa bishaneni, muziki wenyewe ni mmoja. Vibanda ndo vingi.

Horner alikufa 2015, ndege yake ndogo ilianguka akiwa anairusha mwenyewe. Niliiona kwenye simu nikiwa nachomelea redio ya mtu, nikaacha pasi ya kuchomelea ikapoa, nikakaa tu. Mteja akaniuliza umefiwa? Nikasema ndio. Akanipa pole na elfu mbili ya rambirambi, nikashindwa kumwelezea.

Kwaiyo picha za maji tumemaliza, ingawa kuna moja niipitie haraka maana mtaniuliza. Mwaka 1951 Wazungu walitoa picha ya boti dogo na meli ya kivita ya Kijerumani ziwani, The African Queen, na inajulikana kisa chake kimechotwa kwenye habari za Götzen, yaani Liemba yetu, ile iliyoundwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande ikaja kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Wakapigia Kongo na Uganda na studio za Uingereza. Muziki wa Allan Gray, sio mbaya. Mjomba wangu aliyefanya kazi Liemba nilimwonyesha, akaangalia mpaka mwisho akasema meli haina hata honi ya maana, zima. Sina la kuongeza.

Ila hii nyingine ina mzigo. Mwaka 2017 ilitoka filamu ya Jane Goodall, yule mama Mzungu wa sokwe wa Gombe, inaitwa Jane, imetengenezwa kwa picha alizopiga Hugo van Lawick Gombe miaka ya 60, zaidi ya saa 100 za picha zilikaa ghalani miaka yote hiyo zikaja kupatikana 2014. Muziki akatunga Philip Glass. Nimeiangalia na huyu binti yangu kwenye laptopu, na nawaambia ukweli ni nzuri, yale maji ni yetu, vile vilima ni vyetu, na Glass ana mtindo wake wa kurudia rudia kidude kidogo, kinazunguka, kinazunguka, kama wimbi la ziwa jioni lisilo na haraka. Binti akaniambia baba unalia. Nikamwambia moshi. Moshi gani, tuko sebuleni.

Lakini nikakaa nikawaza, hii hamu ninayoisikia ni ya nani? Mi 1960 sikuwepo. Pale ufukweni Gombe Jane anashuka kwenye boti Julai 1960, walikuwepo wavuvi wanaanika dagaa kwenye kokoto, wa Mwamgongo na wa vijiji vile. Ule mwaka kwao ulikuwa na sauti. Makasia, karabai zinavuma usiku, mtu anamtukana mwenzie wavu umechanika, sokwe wanapiga kelele huko juu na wao wala hawageuki. Glass kamtungia Jane, ni haki yake, na mama wa watu kafariki Oktoba 2025, Mungu amlaze pema, aliifanya Gombe ijulikane. Ila yule mzee mwanika dagaa hajatungiwa. Nyie hapa mna kompyuta, mna vinanda vya kwenye simu, mnakaa mnapakua muziki wa Wakorea mnaweka kwenye picha ya ugomvi wa shamba Kasulu. Mi sisemi kitu. Nasema tu nimewaona.

Nirudi kwa kaka. Kaka alikuwa na picha yake ya kufa na kuzikana, kauboi ya Sergio Leone ya 1968, muziki wa Ennio Morricone, ile inayoanzia stesheni. Wanaume watatu wanasubiri treni. Dakika kibao hakuna muziki kabisa, ni panka la kuvutia maji linalia kwa kukosa grisi, inzi anamtembelea mtu usoni, tone la maji linamdondokea mwingine kwenye kofia. Kibandani watu wapya walikuwa wanapiga kelele "mtafsiri amelala!", kaka anawaambia huo ndo mngurumo wenyewe, sikilizeni. Na sisi watu wa stesheni ya mwisho wa reli tulikuwa tunaelewa haraka, nani hapa hajakaa pale stesheni yetu anasubiri treni ya Dar iliyotakiwa ije jana? Kuna mlango unalia, kuna kuku kwenye tenga, kuna mtu anakohoa. Ule ni muziki.

Af treni inakuja, inaondoka, na nyuma yake kuna mtu kasimama anapuliza kinanda cha mdomo. Picha nzima huyo mtu badala ya kuongea anapuliza kinanda. Mwisho kabisa ndo unaonyeshwa kwa nini. Alipokuwa mtoto wabaya walimsimamisha kaka yake mabegani kwake, kaka ana kitanzi shingoni, af wakamchomeka mtoto kile kinanda mdomoni, wakasema mpulizie kaka yako. Mtoto akichoka akianguka, kaka ananyongwa. Akaanguka.

Morricone aliutunga ule muziki kabla picha haijapigwa, Leone akawa anaupiga pale pale waigizaji wanapoigiza, ndo maana wanatembea vile kama wanacheza ngoma ya taratibu. Na wale waliotengeneza Sholay walikuwa wanafunzi wazuri wa hizo kauboi za Waitaliano, hilo halina ubishi. Kwaiyo kinanda cha mama cha kuzimia taa na kinanda cha kaka cha stesheni ni ndugu, na mi nimekaa na vyote viwili nyumba moja miaka yote hiyo bila kujua, mama na kaka wanagombana kuhusu kibanda na wote wanaimba kitu kimoja puani.

Kaka alifariki 2003. Aliumwa muda mfupi.

Mwaka 2016 nikapata simu ya kueleweka, nikanunua bando, nikatafuta muziki wa Commando YouTube. Nikavaa hedifoni nzuri za mteja, asiniulize. Aisee ule usafi! Kila dramu unalisikia liko wapi, kushoto, kulia, saksafoni inapumua. Nikasikiliza dakika mbili nikazima. Ilikuwa kama samaki mgebuka aliyechemshwa na maji matupu. Nikajiuliza shida nini, nikajaribu na spika kubwa, wapi. Usiku nikatoa kanda ya baba nikaiweka kwenye redio, ile inayokwaruza, jenereta linanguruma mwanzo mwisho, mvua inapiga bati kidogo upande A, kuna mtoto analia mahali sijui wa nani, mtu anasema "sogea basi", na kaka yangu anaelezea kuwa binti wa Commando ametekwa amepelekwa Uvira. Uvira! Na watu mle ndani wanaitikia "heee", wanaamini kabisa.

Sisi mafundi ile yote tunaiita nozi. Mtu analeta redio, fundi ina nozi, tunaitoa tunalipwa. Kuna kijana wangu mmoja mzuri sana wa kompyuta akaniambia mzee hiyo kanda niletee nikusafishie, ina nozi nyingi. Nikampa nakala. Akarudi baada ya siku mbili amefurahi, akanichezea, kweli kaitoa. Kaondoa jenereta, kaondoa mvua, kaondoa yule mtoto, na nusu ya kaka yangu maana sauti ya kaka na ya jenereta zilikuwa zimekaa karibu. Ikabaki Commando iliyoumwa. Nilimshukuru, nikamlipa. Kosa sio lake, ndo nilivyomfundisha mwenyewe, kuwa muziki ni ile sauti ya katikati na vingine vyote ni uchafu.

Tuna neno letu hapa Tanzania, zilipendwa. Nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa, hata redio zina vipindi. Mi hilo neno nimelitumia miaka yote bila kulisikiliza. Hatujasema ni nzuri, hatujasema ni za zamani, tumesema ZILIPENDWA, na ukisema kitu kilipendwa lazima mtu aulize, na nani? Ukitafuta Commando kwenye simu unaipata ilivyotungwa. Walioipenda hawamo. Mi namjua nani aliipenda, nawasikia kwenye kanda wanakohoa.

Hata baba, kumbe. Alipofariki nikakuta ile kanda kwenye sanduku lake imefungwa kwenye kitambaa, na yale matundu niliyoziba kwa karatasi ameyazibua mwenyewe, kayatoa gundi vizuri, ili mtu asije akarekodi juu yake tena. Alikuwa anaisikiliza? Sijui. Upande B mawaidha yamebaki kama dakika kumi. Labda alikuwa anaisikilizia hizo dakika kumi.

Sa naomba niwawekee. Redio ni ile ile, msicheke, mkanda wa ndani wa kuzungushia nimebadilisha. Nyie wa nyuma zimeni hilo feni.

(Hapa nikabonyeza. Kama dakika moja hivi ilipiga, ukumbi kimya, vijana wanatabasamu kwa sababu hawasikii Commando wanasikia dudu linanguruma. Kaka akasema lile la Uvira, wakacheka. Af mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na mlango, anauza mawese pale Mwanga, nadhani alikuwa amekuja kumsubiri mwanae, akainua mkono kama yuko darasani.)

"Fundi, hilo jenereta si la yule mzee wa nyuma ya msikiti? Lilikuwa linakohoa hivyo hivyo, moja, mbili, linakata, linarudi. Ukuta wangu na wake ulikuwa mmoja. Mi nilikuwa silali."

Nikamwambia ndo lenyewe mama.

Akanyamaza kidogo, akasogea mpaka mbele, akainamia spika. "Hebu rudisha nyuma. Hapo kwa mtoto. Huyo atakuwa wangu, alikuwa analia kila wakiliwasha. Saivi yuko Kaliua ana watoto watatu. Rudisha nimsikie."

Kitufe cha kurudisha nyuma kwenye ile redio kilishakufa siku nyingi, kwaiyo nikatoa kanda, tukaanza kuulizana ukumbi mzima nani ana kalamu ya bik.